Mji wa Sahani Zisizorudi Tupu

Sisemi nalala, nasema najinyoosha tu. Ni mchana, jua limekaza, baraza yangu imejaa kama kawaida, na sauti ya jirani yangu Bi Mwanjaa inazipita sauti zote, anamchambua bibi harusi wa juzi kuanzia kucha mpaka ukoo. Mimi Siwema, mwenye nyumba na mwenye baraza, niko chumbani juu ya mkeka, peke yangu na sahani aliyoniletea Bi Mwanjaa. Vitumbua. Vimefunikwa kawa ya ukindu na bado vina joto. Asubuhi daktari ameniangalia kidole cha mguu, kile kilichoungua kwa kaa la jiko na mimi sikuhisi kitu, akaniambia, mama, sukari ikiendelea hivi mguu huu tutaukata, wali upunguze, vya ngano na vya sukari visahau. Nimeitikia vizuri, nimerudi nyumbani, nimevaa soksi, nimewaambia mashoga zangu nimejikwaa. Ningesemaje? Mgonjwa wa sukari haletewi sahani. Na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, unaletewa vitumbua unarudisha mihogo ya nazi, unaletewa pilau unarudisha visheti, ndivyo watu wanavyoingiliana, na nyumba ambayo sahani hazipiti, watu nao hawapiti. Basi najinyoosha, nafumba macho, nisivione. Harufu ya iliki inaniingia mpaka ndani ya kope. Naifunua kawa kidogo, nichungulie tu, sili, na chini yake hakuna sahani, kuna ngazi.

Nashuka. Ngazi zinabonyea kama mkate wa kumimina, kila nikikanyaga zinatoa mvuke, na nikifika chini naikuta barabara nyeupe inayojikunja mbele yangu ikaja kutokea nyuma yangu. Pembeni amesimama mwanamke amejitanda kanga mpya, uso hana, mahali pa uso pana donge la unga lililokandwa likalainika, linangoja kusukumwa. Mimi mtu nisipomjua kwao silali, namwuliza, shoga, wewe wa nani? Anasema, mimi wa yule anayekula bila njaa. Nani huyo? Anasema, anayeuliza ana tonge mdomoni. Najishika shavu, kweli natafuna, sijui tangu lini wala sijui nini, najua kitamu. Na barabara hii inakwenda wapi? Inakwenda kesho. Mbali? Kila ukiahidi inarefuka, anasema, kisha anatangulia, na mimi namfuata, maana bora kuongozwa na asiye na uso kuliko kutembea peke yangu, upweke mimi siuwezi.

Tunaingia mji ambao kila nyumba mlango wake ni kioo, na ndani ya kila kioo nimo mimi. Nimo nimesimama jikoni nakwangua ukoko kwa kijiko, watu wamelala. Nimo chooni na chapati nimeikunja ndani ya kanga. Nimo harusini nawapakulia wenzangu, natabasamu, nasema mimi nimeshiba, kisha nimo uani pale pale harusini, nimechuchumaa nyuma ya masufuria, nabugia wali mkavu kwa mikono miwili kama ninayefukuzwa. Sina hata raha usoni. Hilo ndilo linaloniuma, kula kote kule na usoni hamna raha. Nagonga kioo, nasema, we Siwema, tosha. Wote wananigeukia, wote midomo imejaa, wote wanasema, karibu chakula, hiki cha mwisho, kesho tunaacha. Na mwanamke wa donge ananinong'oneza, mmekaribishwa wengi, aliyeshiba hajazaliwa.

Barabara inajikunja tena, na sasa tumo ndani ya nyumba ya mama. Mama yangu, marehemu, ameketi mbele ya sinia la wali wa nazi, ananawa mikono, na upande mmoja kanga yake imelala chini tupu, hamna mguu. Mpaka leo kwetu tunasema alirogwa, ni neno linalobebeka msibani. Ananitazama juu mpaka chini. Umekonda, mwanangu, anasema, njoo ule. Mama, wali huu ndio uliokuua. Anasema, na ningekufa na njaa ndiyo ungeona raha? Kaa, nani atakupikia mimi nisipokupikia? Anafinyanga tonge, ananinyooshea, mkono ule ule ulionilisha nikiwa sina meno, na mimi nakula. Nakula na kulia, nalia na kula. Sinia halipungui, na mama anafurahi, anasema, huyo ndiye mwanangu.

Nikinyanyua kichwa mama hayupo, yuko mwanamke wa donge, amebeba sahani yangu, ile ile ya vitumbua, nyeupe, imelambwa. Umekula kwetu, anasema, sasa rudisha. Natazama huku na huku, hamna unga, hamna mihogo, jiko limezima. Naangalia sahani zilizokwisha kurudishwa na wengine, zimepangwa ukutani, kila moja ina kitu, hapa macho mawili, pale mguu wenye hina na kikuku, na nakijua kikuku kile, nimekiona kwa mama maisha yangu yote. Nasema, shoga, nipe nafasi nifikirie. Anasema, weka mguu, au weka baraza. Baraza kivipi? Waambie unaumwa nini, anasema, uone nani atabaki. Kwa mara ya kwanza hajasema fumbo, na ninatamani angesema fumbo. Namwona Bi Mwanjaa amenyamaza, yeye asiyenyamaza. Naona mkeka wa barazani umekunjwa mapema, watu wanapita ng'ambo ya njia wananisalimia kwa mbali, masikini Siwema, kama mamake. Nasikia ukimya ule. Basi nainama nauvua mguu, unatoka kama ndala, nauweka juu ya sahani, nausawazisha upendeze. Hata haujauma, namwambia. Ndio ubaya wake, anasema, na donge lile linapasuka katikati, linakuwa mdomo, linaniita jina langu.

Siwema. We Siwema, mwanamke gani analala watu wamejaa nyumbani kwake? Ni Bi Mwanjaa, yuko mlangoni, uso anao, mafuta yanang'aa midomoni. Amka bwana, wali umeshapakuliwa, tunakungoja wewe, utamu wa mazungumzo umekupita. Nasema, nakuja. Barazani wanacheka, vijiko vinagonga sinia, sijui ni la hapa au la kule. Sahani iko ubavuni kwangu na vitumbua havimo, na ulimini nina sukari, na siwezi kusema nimevila nikiwa wapi. Watu husema ukitaka kujua kama umeamka, jifinye. Naingiza mkono chini ya kanga, naufinya mguu. Naufinya kwa kucha, naufinya mpaka vidole vya mkono vinaniuma. Mguu haunijibu. Bi Mwanjaa anasema, unatafuta nini huko, shoga? Nasema, hamna kitu, tangulieni, msinimalizie.