Vidonge Vyangu Matangani

Gordon alifungua mkoba wangu mchana kweupe, akachukua dawa zangu, akazigawa matangani, na watu wakamshukuru. Naanzia hapo kwa sababu nikianzia kwingine nitajikuta namtetea, na sina nguvu za kumtetea mtu.

Gordon ni kaka mkubwa wa mume wangu, Zadock. Anakaa Milimani, mtaa wa wenye pesa, ana gari la ofisi na tabia ya kugawa vitu, hasa visivyo vyake. Mwaka huo, 1991, baba yao Mzee Joram alifariki, tukaenda kumzika kwao Uyoma, karibu na Luanda Kotieno. Mwili ulifika Jumatano. Mazishi yalipangwa Jumamosi.

Mimi ni Nasipwondi, mzaliwa wa Bungoma, fundi wa nguo pale Otonglo, nje kidogo ya Kisumu. Nina kifafa tangu nikiwa darasa la tano. Otonglo kila mtu anajua. Nikianguka, wauza nyanya wananilaza ubavu, wananiwekea kitambaa chini ya kichwa, wanarudi kwa wateja wao. Lakini kwa wakwe zangu ilikuwa siri ya miaka tisa. Zadock alisema wakijua watamshurutisha anirudishe kwetu, na binti zetu hawatapata waume. Basi akawaambia vidonge vyangu ni vya usingizi, na mimi nikakubali. Upumbavu huo ni wangu pia, siukatai.

Nilikuwa na chupa mbili. Ya kwanza ya kifafa, kidonge kimoja kila jioni. Ya pili ya wasiwasi, nusu asubuhi na nusu jioni. Mimi naogopa kuanguka mbele za watu mpaka woga wenyewe unaninyima usingizi, na nikikosa usingizi ndipo naanguka. Daktari Wepukhulu, aliyekuwa akinitibu Kisumu, alinieleza mara nyingi: usiruke dawa hata siku moja, usikae na njaa, usionje pombe, usikeshe. Na hii ya wasiwasi usiiache ghafla, maana kuiacha ghafla nako kutakuangusha. Nikaitikia kila neno. Hakunieleza mke wa mtoto wa marehemu atafanyaje asikeshe kwenye matanga ya Wajaluo.

Maana hapo hakuna kulala. Wageni wanaimba, wewe unapika. Wageni wanakula, wewe unaosha sufuria. Ukionekana unaelekea kitandani, kesho yake utasikia kwamba yule wa Bungoma hakumpenda mzee. Usiku wa Jumatano nililala kwa muda wa saa mbili tu, nimeegemea gunia la unga. Alhamisi sikulala kabisa. Ijumaa asubuhi nilikuwa namenya viazi, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe. Naujua mruko ule. Ukianza, nina siku moja, pengine mbili, kabla sijaanguka, na hizo ni ikiwa nimemeza dawa na nimelala. Niliacha viazi nikaenda kuchukua nusu yangu ya asubuhi. Mkoba ulikuwa wazi. Chupa zote mbili hazikuwemo.

Nilimkuta Gordon chini ya turubai, kati ya wanawake waliokuwa wakiomboleza.

"Shemeji, umeona chupa zangu za dawa?"

"Ah, nyar Bungoma, binti wa Bungoma! Dawa yako imesaidia sana. Hawa wamama wamelia mpaka sauti imeisha. Nimewapea mbili mbili wapumzike."

"Umefungua mkoba wangu?"

"Zadock si alisema ni za kulala tu? Utanunua zingine Kisumu. Hii ni matanga, shemeji, tusaidiane."

Akatoa chupa mfukoni, akanipa zote mbili kwa tabasamu la mtu anayerudisha sahani baada ya kula. Moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na kidonge kimoja kilichovunjika.

Nilimvuta Zadock nyuma ya tangi la maji nikamwonyesha. Alielewa mara moja, hilo simnyimi. Uso wake ulibadilika.

"Vumilia mpaka Jumapili," akasema. "Jumapili alfajiri tunarudi."

"Zadock, mkono umeanza. Kesho nitaanguka kaburini."

"Usiseme hivyo, yawa."

"Basi mwambie kaka yako azirudishe. Au anipe gari nikimbilie Kisumu sasa hivi."

"Nitamwambia nini? Nilisema ni za kulala. Nani anakimbilia Kisumu kwa dawa ya kulala na baba hajazikwa?"

"Mwambie ukweli."

Akatazama chini. "Tunamzika baba kesho, Nasipwondi. Usiniaibishe."

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Mtu huyu amewahi kuuchomoa ulimi wangu katikati ya meno yangu mwenyewe. Amenibeba, amenibadilisha nguo nilipojikojolea, hajawahi kunikunjia uso hata mara moja. Na sasa alitaka nianguke kimyakimya, baada ya mazishi, kwa wakati utakaomfaa. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka tisa. Uongo wake ndio ulionipora. Angesema tangu mwanzo kwamba ni dawa za kifafa, Gordon asingezigusa hata kwa fimbo. Alizifanya za usingizi, zikageuka peremende za kila mwenye huzuni.

Nilirudi kwenye turubai. Sikupaza sauti. Nilisimama tu katikati, mikono kiunoni, mpaka wakaacha kuimba.

"Vidonge mlivyopewa na Gordon ni vyangu. Si vya usingizi. Ni vya kifafa. Nina kifafa. Aliyebaki navyo anirudishie sasa hivi, navihitaji nisianguke."

Ungedhani nimesema kuna nyoka. Shangazi Milka, dada yake marehemu, alikuwa amefunga viwili kwenye ncha ya leso, vya kesho. Alifungua fundo kwa kucha, akavitupa, akatema mate. Mwingine akatupa. Mwingine akaanza kusugua viganja kwenye nyasi. Huku wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate, na hakuna aliyejiuliza mate yangu yangefikaje ndani ya chupa. Kuku wa mji wakaja mbio wakidhani wamemwagiwa mahindi. Basi mimi, mke wa mtoto wa marehemu, nikapiga magoti mbele ya waombolezaji nikapigania dawa zangu na kuku. Jogoo mmoja alimeza kimoja nikiona. Hakuna aliyeinama kunisaidia.

Nilipata kumi na kimoja, vya aina zote mbili. Vilitosha.

Mama mkwe wangu, Mama Dorca, alikuwa ameketi karibu na jeneza, macho mazito. Alinishika sketi.

"Nyathina, mwanangu, mimi nilimeza mbili. Nitaupata ugonjwa?"

"Hapana, Mama. Utalala tu."

Akaachia sketi yangu. Sikumkasirikia yeye. Alikuwa amefiwa na mume, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia lolote la kweli.

Nilikuwa nalala pamoja na wanawake wengine watano katika simba, kile kibanda Gordon alichojengewa ujanani. Nilipofika kuchukua shuka walikuwa wameshabeba mikeka yao yote. Nikabaki na chumba kizima. Nikanywa uji, nikameza nusu niliyoikosa, nikalala mchana huo huo. Jioni niliamka nikameza dawa za jioni, nikalala tena. Hakuna aliyeniita jikoni. Hakuna aliyesema simpendi mzee. Miaka tisa nimeomba ruhusa ya kulala katika mji ule, na niliipata kwa sababu walinionea kinyaa.

Jumamosi niliamka jua limetoka. Mkono ulikuwa umetulia. Nilikuwa nimeketi mkekani najifunga kitambaa nilipomsikia Zadock nje. Alikuwa amevaa suti nyeusi na viatu alivyovipiga rangi mpaka vikang'aa. Nyuma yake, hatua chache, Gordon na wanaume wengine wa ukoo walikuwa wamesimama wakingoja jeneza litolewe, na wote walikuwa wakitutazama.

"Umelala?" akauliza.

"Nimelala."

Alikuwa na kikombe cha chai. Nikanyoosha mkono. Hakuingia. Aliinama, akakiweka kikombe kizingitini, halafu akakisukuma ndani kwa ncha ya kiatu.

Nilikitazama. Mtu huyu amefuta mate yangu kwa kiganja chake, gizani, mlango ukiwa umefungwa, mara nisizoweza kuhesabu.

Niliinuka, nikakiokota kile kikombe, nikasimama mlangoni, nikamwaga chai yote juu ya vile viatu. Hakuruka.

"Sasa ingia," nikamwambia.

Aligeuka kwanza kumtazama kaka yake.