Simba wa Josephati na Ukuta wa Marsela

Mwaka ule wa foleni za sabuni, sukari ikiwa kitu cha kusimuliana tu, Karatu ilipata nyumba ya sanaa. Karatu yenyewe ilikuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu: barabara moja ya vumbi, gereji mbili, maduka yenye rafu tupu, na magari ya watalii yakipita kwenda Ngorongoro bila hata kupunguza mwendo. Ndipo vijana watano wakasema watawasimamisha watalii hao kwa picha.

Nawaita vijana kwa heshima tu. Josephati, kiongozi wao, alikuwa na miaka thelathini na minne na mke wa kumlimia. Aliwahi kukaa Arusha miaka miwili akiandika vibao vya maduka, akarudi na kofia ya duara iliyolalia sikio moja, akatutangazia kwamba yeye ni msanii wa viumbe vya asili. Kreta ya Ngorongoro yenyewe hakuwahi kushuka. Ukingo wake aliuona mara moja, juu ya lori, siku ya ukungu. Simba alimjua kutoka kwenye kopo la biskuti.

Wa pili alikuwa Piusi, mchonga twiga. Alichukua mti wowote uliokubali kisu, akaupaka rangi ya viatu, akauita mpingo. Ukimshika twiga wake asubuhi, jioni bado unanawa mkono. Wale watatu waliobaki sina haja ya kuwataja, maana kazi yao ilikuwa kukubali anachosema Josephati.

Nyumba waliyopewa ilikuwa ghala la zamani la ngano, la matofali mabichi. Wanaume walibadilisha mabati, wakajipongeza kwa pombe siku mbili. Zikabaki kuta. Kukandika, wakasema, ni kazi ya kina mama. Chumba cha mbele tulikikandika sisi kina mama sita kwa siku moja. Cha nyuma, kile kikubwa, tuliachiwa mimi na mjukuu wangu Marsela.

Marsela alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa ametoka misimu miwili ya kuchuma kahawa Oldeani, akarudi na kikohozi na vidole vilivyopasuka kama udongo wa Septemba. Baba yake mdogo, Qamara, ndiye aliyekuwa akitulisha sote wawili, naye alikuwa amesema neno lake: kama binti hatapata kazi ya kueleweka hapa, Jumatatu baada ya maonyesho ya kufungua nyumba hiyo, lori la wachumaji likipita atapanda. Marsela hakubishana naye. Alikwenda kwa Josephati kuomba kuingia kwenye kikundi.

"Tutakufikiria," Josephati akamwambia. "Kandika kwanza."

Basi tukakandika. Wasomaji wangu wa siku hizi mnaojenga kwa saruji, niwaeleze. Unachukua udongo mwekundu, kinyesi kibichi cha ng'ombe na majivu, unakanda kwa miguu mpaka ulainike kama ugali. Ukuta ukianza kukauka unausugua kwa jiwe laini la mtoni, lile lile la kusugulia vyungu. Mwisho unapitisha kipande cha ngozi chenye mafuta ya ng'ombe, unasugua tena. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Ukuta wa namna hiyo ukiugonga kwa kidole unalia kama chungu, na hautoi vumbi miaka mitano.

Kabla ya kupitisha jiwe, Marsela alianza kuchora. Hakuniuliza, nami sikumuuliza. Alikuwa na udongo mweupe alioufukua kwenye korongo njia ya Oldeani, masizi ya chungu changu, na udongo mwekundu wa shambani. Brashi yake ilikuwa kidole gumba na kijiti cha mswaki. Alichora tembo wawili wametupa mgongo, wametoka kushiba kwenye mahindi ya mtu na hawana habari. Alichora nyati amesimama katikati ya mibuni ya kahawa, anamtazama anayemtazama. Chini kabisa alipanga kanga na vifaranga wake wakivuka barabara, kifaranga mmoja amebaki nyuma. Vyote hivyo alikuwa ameviona kwa macho yake alfajiri, kikapu kikiwa mgongoni. Halafu akapitisha jiwe, akapitisha mafuta, nyati yule akang'aa jicho mpaka nikasogea.

Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya maonyesho, Josephati akaja kuona chumba. Alisimama mlangoni na kofia yake.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Marsela akasema.

"Nilikuambia ukandike."

"Nimekandika."

"Huu ni ushamba, dada. Mgeni rasmi anatoka mkoani. Ataingia hapa akute kinyesi cha ng'ombe chenye picha?" Akanigeukia. "Bibi, wewe ni mtu mzima, ungemkataza. Sanaa inatundikwa. Hii imegandama."

"Imegandama kweli," nikasema. "Na kuhusu kikundi, umeshamfikiria?"

"Kikundi kina wasanii, bibi. Kikundi hakina wakandikaji."

Akamwita Piusi, wakaleta debe la chokaa. Mifuko ile ya chokaa ilikuwa imetafutwa Arusha wiki nzima, na watu wana vyoo vyao havijaguswa tangu uhuru. Wakaanza kupaka juu ya tembo. Marsela aliokota bakuli la mafuta, akalipeleka nje, akaliosha polepole kuliko linavyostahili kuoshwa.

Mimi nilibaki. Nilimtazama mtu mzima, mtoto wa mwanamke aliyekandika nyumba yangu ya kwanza pamoja nami, akipaka chokaa juu ya mafuta ya ng'ombe. Nikasema labda nimpe nafasi.

"Josephati, kitendawili."

"Tega bibi, lakini upesi."

"Nimevikwa kanzu kwa nguvu. Nikiwa peke yangu naivaa, watu wakijaa nyumbani naivua."

Akafikiri kiasi cha kuchovya brashi mara moja. "Kitunguu."

"Kitunguu kinavuliwa. Huyu anavua mwenyewe."

"Sijui. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Dar es Salaam."

"Haya. Nitakaa huko mpaka Jumamosi," nikasema, nikaenda zangu. Mtu aliyeambiwa jambo akachagua kukupa mji, mwache na mji wake.

Jumamosi kulikuwa na baridi ile ya Juni, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka kwenye madirisha. Watu walijaa, maana palikuwa na uvumi wa chai yenye sukari. Chumba cha nyuma walifunga madirisha wakawasha majiko matatu ya mkaa. Juu ya ukuta mweupe, katikati, walikuwa wamemtundika simba.

Simba huyo lazima nimweleze. Alikuwa na manyoya ya shingoni yamechanwa katikati kama karani wa mahakama. Vidole vyake vilikuwa vitano kila mguu, vina kucha kama zangu. Nyuma yake palikuwa na jua kubwa la rangi iliyobaki kwenye kibao cha gereji, na chini palikuwa na maua ambayo hayaoti hapa wala Mbulu wala Loliondo. Alitabasamu. Mzee mmoja Mmasai, Lembris, aliyekuja kuuza ndama na kuingia ili aote moto, alimtazama simba huyo kwa muda.

"Huyu ameshakula?" akaniuliza.

"Ameshakula biskuti," nikamjibu.

Mgeni rasmi akafika. Josephati alikuwa amejitayarisha kumpokea mwanamume mwenye tumbo. Alishuka mwanamke mwembamba, Naishorua jina lake, binti wa upande wa Ngorongoro aliyesoma, sasa mtu wa utamaduni mkoani. Alivaa sweta ya kawaida, na shanga moja ya kwao shingoni. Alipofika kwangu alipiga magoti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za barabara?"

"Barabara imetuchapa."

Nikajua huyu si mtu wa kupewa miji.

Josephati akaanza hotuba. Akasema kikundi chake kimezama katika asili. Akasema ndugu mgeni rasmi, asili ndiyo mama wa msanii. Alipofika kwenye msanii na upweke wake, nikasikia nyuma yake sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Chumba kilikuwa kimepata joto. Pumzi za watu mia na majiko matatu vilikuwa vimeyeyusha mafuta ukutani. Chokaa ilikuwa imevimba pembeni mwa fremu. Kipande cha kwanza kilianguka ukubwa wa sahani. Likatokea jicho la nyati.

Josephati hakuliona. Alisema, "Msanii huona kile ambacho wengine hawaoni," na ukuta ukavua kanzu kuanzia dari hadi sakafu. Chokaa ilimwagika juu ya kofia, juu ya hotuba, juu ya twiga wa Piusi waliopangwa chini, wakawa pundamilia. Msumari wa simba ulilegea, akainama, akabaki ananing'inia kichwa chini huku anatabasamu. Nyuma yake tembo wawili walikuwa wanaondoka zao, wameshiba.

Hakuna aliyecheka mara moja. Lembris ndiye aliyeanza.

Naishorua alijifuta bega, akasogea ukutani. Aligonga kwa kidole. Ukuta ukalia. Akaweka pua karibu, akanusa.

"Mafuta ya ng'ombe," akasema. "Nani amefanya kazi hii?"

Hapo ndipo nilipomwona Josephati jinsi alivyo, na mpaka leo sijaona sababu ya kubadili mawazo. Alijipangusa chokaa kwenye kope, akasema, "Ni kazi ya kikundi, ndugu mgeni rasmi. Tulikusudia iwe ya kushtukiza."

Wale watatu wakakubali kwa vichwa. Nilimtafuta Marsela, alikuwa mlangoni na birika la chai, amekodolea macho sakafu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, lakini Naishorua akatangulia.

"Vizuri," akasema. "Chokaa imeondoka na kichwa cha kifaranga huyu wa nyuma. Fundi wa kikundi akirudishe, nikiona. Nimekuja kuandikisha nyumba hii, na haiandikishwi bila mtu wa kufundisha wengine kazi yake."

Josephati akaagiza brashi na kopo la rangi nyeusi ya mafuta. Alichora kichwa juu ya ukuta uliopakwa mafuta. Rangi ilisimama kidogo, ikateremka, kanga mdogo akapata ndevu mpaka miguuni. Akajaribu tena. Akapata ndevu mbili.

"Ukuta huu una kasoro," akasema.

"Ulikuwa mzima uliposema ni wa kikundi," nikasema.

Naishorua alinigeukia. "Bibi, wewe unamjua fundi?"

"Namjua. Ila muulize yeye. Nimechoka kumsemea mtu mwenye ulimi."

Watu wakaachia njia. Marsela aliweka birika chini. Nilidhani atakimbia, maana si mtu wa maneno, na Jumatatu ilikuwa imemkalia shingoni. Alitoka nje kweli. Qamara, aliyesimama karibu nami, akaguna. Lakini binti alirudi na konzi ya udongo mweupe, kipande cha kibuyu, na jiwe langu la mtoni. Alikwangua ile rangi ya Josephati pamoja na mafuta mpaka udongo ukawa na makwaruzo. Akalowesha kwa maji ya kunawia. Akakanda udongo kiganjani na masizi aliyoyatoa chini ya birika la chai, akaweka kidole gumba mara tatu: kichwa, shingo, mdomo. Kwa kijiti akatoboa jicho. Akasugua kwa jiwe. Kifaranga akawa anakimbia kuwafuata wenzake.

"Kwetu," Naishorua akasema polepole, "mama yangu angekupa ng'ombe mtamba kwa ukuta huu. Mimi sina mtamba. Jina lako nani?"

"Marsela."

Akaandika kwenye daftari lake, jina moja, mbele ya watu wote. Kisha akamnyooshea Josephati mkono, na Josephati, akidhani anaagwa, akampa wake.

"Ufunguo wa chumba hiki," Naishorua akasema. "Mwalimu ndiye anayekaa nao."

Ufunguo ulitoka mfukoni polepole, kama jino.

Josephati alinipita mlangoni, kofia imekuwa nyeupe kama andazi bichi. "Bibi," akasema, "ulijua."

"Nilikuwa Dar es Salaam," nikamwambia. "Uliniweka huko mwenyewe."

Jumatatu lori la wachumaji lilisimama barabarani, likapiga honi. Marsela alikuwa ndani anawaonyesha wasichana wanne namna ya kukanda kwa miguu. Qamara alitoka, akamwambia dereva aende, hapa hakuna mchumaji. Alirudi ndani. Alivua viatu, akauliza kama miguu ya mwanamume inaweza kukanda.

Josephati alirudi Arusha kwenye vibao vyake, na nasikia vibao vinamfaa, maana kibao hakina vidole. Simba alimwacha. Hakuna mtalii aliyemtaka, hata wale wanaonunua twiga wa rangi ya viatu. Nimemchukua mimi. Anafunika pipa langu la mahindi, uso juu, anaitabasamia dari. Panya wanapita juu yake kila siku, na mmoja amezaa kwenye manyoya.