Kikao cha Wasio na Shida

Kwa miaka mitatu Mutsuko alikuwa akiandika barua mkoani, na kwa miaka mitatu mkoa ulimjibu kwa maneno matamu yasiyo na kitu ndani. Sasa kamati ya mkoa ilikuwa inakuja yenyewe kwenye bonde la Hinokidani kuwasikiliza wakazi. Zahanati yao, ambayo Mutsuko aliiendesha peke yake kama muuguzi, ilikuwa kwenye orodha ya kufungwa mwisho wa mwezi wa tatu. Ikifungwa, wazee arobaini na mmoja watalazimika kwenda kutibiwa mjini, mwendo wa saa moja na nusu, na basi hupita Jumanne na Ijumaa tu.

Basi akawakusanya Jumapili, akawafunda kama bibi harusi.

"Msione haya. Semeni ukweli mtupu. Babu Tokuji, wewe utasema nini?"

"Nitasema nina sukari, kidonda cha mguu hakiponi, na wewe ndiye unayekisafisha mara tatu kwa wiki."

"Na zahanati isipokuwepo?"

"Watanikata mguu."

"Hivyo hivyo. Usipunguze hata neno."

"Na mimi nitasema moyo wangu ulisimama mara mbili mwaka jana," akadakia Bibi Fusae, mwenye miaka themanini na tisa.

"Haukusimama, bibi. Ulikwenda mbio."

"Mimi nitasema ulisimama. Si unataka tuwatishe?"

Wakacheka, na Mutsuko akalala na matumaini. Kosa lake lilikuwa kusahau watu wake, ilhali na yeye kazaliwa humo humo. Mtu wa Hinokidani akizama mtoni atamwomba radhi anayemwokoa kwa kumlowesha nguo. Kwao mgeni hapewi shida za mwenyeji. Anapewa chai na uso mkunjufu.

Siku ya kikao alipofika ukumbini asubuhi, alitaka kulia. Barabara yote ilikuwa imefyekwa. Vibibi vilikuwa vimefagia majani hadi darajani na kupika wali wa kunde nyekundu, ule wa sherehe. Babu Tokuji, na mguu wake ule ule, alikuwa amefyeka kutwa nzima ya jana, na sasa amesimama mlangoni ndani ya suti aliyovaa kwenye harusi ya mwanawe. Nani angesema hawa ni wagonjwa?

Bwana Kuramochi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu mpole mwenye macho ya uchovu. Alinywa chai, akashukuru, akauliza, "Wazee wangu, zahanati ikifungwa mtapata taabu gani?"

Mutsuko akamkazia macho Babu Tokuji. Mzee akasimama, akainama kwa heshima.

"Mheshimiwa, poleni na safari, barabara yetu ina kona nyingi. Sisi huku hatujambo. Tumeshazeeka, na mkoa una watoto wadogo wa kuangaliwa. Msijisumbue kwa ajili yetu."

"Kabisa," akasema Bibi Fusae. "Tutajikaza tu. Karibuni figili, nimezichachua mwenyewe."

Mutsuko akainuka ghafla. "Babu! Waonyeshe mguu!"

"Mguu wa mzee, binti yangu? Watu wanakula!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na wageni pia. Mutsuko akabaki wima na faili mkononi. Ndani yake mlikuwa na kila kidonda na kila moyo wa bonde lile, lakini siri za wagonjwa hazisomwi hadharani bila ruhusa yao. Akakaa.

Kikao kilipokwisha, Bwana Kuramochi alimvuta pembeni, karibu na gari.

"Dada Mutsuko, barua zako nimezisoma zote. Wenzangu wanataka kufunga. Mimi ndiye niliyewaambia tuje tuwasikie wakazi. Ningepata mlalamikaji mmoja tu, ningepigana. Sasa niandike nini?"

"Andika kwamba wanaona haya."

"Kwenye fomu hakuna pa kuandika hilo," alisema, na ilionekana wazi kwamba lilimuuma.

Mutsuko alirudi zahanati, akamkuta Babu Tokuji ameshavua kiatu. Kwa kule kufyeka, soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Akaanza kuilowesha kwa maji ya vuguvugu.

"Tumewapokea vizuri, sivyo?" mzee aliuliza.

"Vizuri sana, babu."

"Yule bwana ni mpole. Amesemaje?"

"Watafunga. Mwisho wa mwezi wa tatu."

Mutsuko alingoja. Alitamani mzee alie, atukane, aseme hata neno moja tu la uchungu. Mzee angelisema, Mutsuko angelikimbilia lile gari kwa miguu.

Babu Tokuji akainama mpaka paji la uso likakaribia goti.

"Tumekuponza," akasema. "Umepoteza kazi kwa ajili yetu. Sasa utakwenda wapi, mwanangu?"

Kisha, polepole, akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwa Mutsuko. "Acha tu. Mguu huu umekusumbua vya kutosha."