Ubao wa Vitabu Kumi na Viwili

Vitabu nilivyosoma mwaka ule niliviandika kwenye ubao, kwa penseli ya useremala. Daftari kwangu halidumu. Likiingia karakana leo, kesho limefungiwa misumari. Ubao niliuegemeza nyuma ya mlango. Kila nikimaliza kitabu, jina lake na maneno mawili matatu: "Kizuri." "Kirefu bure." "Huyu mume alistahili makofi."

Mkutubi wa maktaba ya mtaa ndiye aliyenichokoza. "Fundi, soma vitabu kumi na viwili mwaka huu, uniletee orodha. Ukiweza, darasa la watu wazima la Jumamosi nakupa wewe."

Mimi, niliyeishia darasa la tano! Nililitaka darasa lile mpaka nikaona aibu. Nilimwambia mke wangu tu, naye akasema, "Haya mwalimu, kwanza tengeneza mguu wa meza."

Siku mbili kabla ya kupeleka orodha nilikwenda kupima milango kwa mteja. Niliporudi, mwenzangu wa kazi, tunayemwita Chapchap, alikuwa anafagia maranda.

"Ule ubao wa nyuma ya mlango uko wapi?"

"Nimeupiga randa, kabati lilipungukiwa. Ulikuwa umejaa maandishi, sasa unang'aa."

"Umenifutia mwaka mzima, wewe!"

"Ungesema, kaka. Maandishi ya ubaoni ni vipimo. Kazi ikiisha yanafutwa."

Ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe.

Nikachukua karatasi, nikaanza upya. Vinane vilikuja mbio, na maneno yake. Vinne vikagoma. Nilikuna kichwa mpaka chai ikapoa.

"Weka majina yoyote," Chapchap akasema. "Nani atakukagua?"

Ningeweza. Lakini kitabu nilichofika mwisho wake, halafu jina silikumbuki, nilikisoma au nilikikimbiza? Nilijua jibu. Katikati ya mwaka nilikuwa nahesabu kurasa zilizobaki kama mfungwa anavyohesabu siku.

Nikampelekea mkutubi karatasi.

"Vinane tu, fundi?"

"Vinne nilivipitisha macho tu. Hata majina siyajui. Darasa mpe mwingine."

Akavaa miwani, akasoma taratibu. "Hapa umeandika, 'Mfuga nyuki muongo.' Kwa nini?"

Nikamweleza. Alidai ana mizinga mia moja na hakuna mahali alipoumwa hata mara moja! Nikaingia kwenye kile cha mjane mwenye hoteli, nikabishana na mwisho wake, mikono inapaa, mpaka mtu nyuma yangu akafoka, "Fundi, na sisi tuna shida zetu!"

Mkutubi akavuta kadi yangu ya kuazima, akasoma majina yasiyokuwa kwenye karatasi, akaenda kwenye rafu, akarudi na vitabu vinne. Nilivitazama kama watu niliowahi kusalimiana nao msibani.

"Jumamosi saa nne asubuhi," akasema. "Hivi utavisoma pamoja nao. Polepole."

Walikuja watu sita. Mpishi wa hospitali alianza kimoja cha vile vinne, kidole chini ya mstari, jasho puani. Aya moja ilimchukua dakika tano. Humo kitabuni mtu mmoja akatolewa gerezani, akafika kwake, akakuta mlango umepakwa rangi nyingine, akasimama nje asijue abishe hodi au aondoke.

Mpishi akainua uso. "Samahani mwalimu, nawachelewesha wenzangu."

"Endelea, mama," nikamwambia. "Hapo hata mimi sijawahi kufika."