Maji ya Kumwosha Kijakazi

Bibi Kijakazi alifariki asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya mapaa ya makuti ya Kariakoo, na katika mtaa mzima hapakuwa na maji ya kumwoshea.

Hebu liangalie jambo hili vizuri. Huyu ndiye Kijakazi ambaye kisima cha uani kwake kiliunywesha mtaa tangu enzi za Mjerumani. Hakuna arusi wala matanga yaliyopikiwa maji mengine pale ila maji yake. Kando ya kisima alitundika kata ya kifuu cha nazi, na mlango wa uani hakuufunga mchana kutwa, ili mchukuzi anayetoka sokoni na gunia mgongoni aingie, anywe, aende zake bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Mtu wa namna hiyo sasa alikuwa amelazwa chali, kidevu kimefungwa kitambaa, shuka imemfunika gubigubi, na mitungi ya majirani zake wote mikavu.

Waridi alikuwa amekaa mlangoni, kanga ameifunga kibwebwe tayari kwa kazi. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake, na yule aliyelala ndani alikuwa shoga yake, wamezeeka pamoja. Kabla ya kukata kauli Kijakazi alimshika mkono.

"Unioshe wewe," alimwambia. "Na usinibanie maji, Waridi. Mimi sikumbania mtu."

Waridi alikubali. Ahadi kwa mtu anayekata roho si ya kuchezea. Kisima chenyewe kilikuwa palepale uani, mbele ya macho yake, maji tele ndani, na kimefungwa na serikali.

Mwaka uliotangulia alikuja Mwingereza wa ofisi ya maji, mrefu, soksi amezivuta mpaka magotini, ambaye watu walimwita Bwana Maji. Alifuatana na karani wake Bushiri, kijana wa pwani kama wao, na fundi mwashi aitwaye Anselmi. Bwana Maji alisema, na Bushiri akafasiri, kwamba visima vya uani vinazaa mbu na mbu wanaleta homa, kwa hiyo vyote vifungwe. Badala yake serikali itasimamisha bomba pale penye kona, maji safi, kila siku asubuhi na jioni. Akaonya pia kwamba kifuniko kikivunjwa, atakayejibu kortini ni mwenye kisima, hata kama aliyevunja ni mwingine.

Kisha Anselmi akafungua gunia la sementi, akaomba maji ya kuchanganyia. Maji ya karibu yalikuwa ya kisima kilekile. Kijakazi akatumbukiza ndoo yake mwenyewe, akavuta, akampa, na kwa kuwa jua lilikuwa kali akamtekea na ya kunywa kwa kata. Waridi aliyaona hayo kwa macho yake na roho ikamuuma. Watu wamekuja kukifunga kisima chako, nawe unawavutia maji ya kukifungia!

"Wacha, shoga," Kijakazi alimwambia. "Wametoa ahadi mbele ya watu."

Ahadi! Lilipokuwa jipya, na Bwana Maji akija kulitazama, bomba lilimwaga maji mpaka watoto wakacheza ndani yake. Kilipoingia kiangazi likaanza kutoa uzi mwembamba, kisha matone, na ile ilikuwa siku ya tatu halitoi kitu. Kufuli lake tu ndilo halikukosa kazi. Lilifunguliwa na kufungwa kwa saa zilezile walizopanga wakubwa, yawepo maji yasiwepo.

Aliyekuwa na ufunguo ni Seifu, mtoto wa mdogo wake Waridi, aliyeajiriwa kulinda bomba na kupewa kofia ya kaki. Waridi alimwendea kwanza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nataka maji ya maiti."

Saa hazikuwa zimefika, lakini Seifu alifungua kufuli bila kubisha, akazungusha koki. Bomba likakoroma, likatoa upepo, likanyamaza.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Uendelee kulinda upepo, baba. Na kofia usivue."

Seifu aliinamisha kichwa. Waridi alijua kwamba kijana hana kosa, lakini siku ile hasira yake haikuwa na subira ya kuchagua watu. Akajitanda kanga, akatoka Kariakoo, akapita kwenye maduka ya Mchafukoge, akaenda moja kwa moja mpaka Uzunguni kwenye ofisi ya maji.

Mbele ya ofisi ile palikuwa na bustani ya majani mafupi, yamekatwa sawasawa kama zulia. Katikati yake mpira wa maji ulikuwa umelala peke yake, hakuna hata aliyeushika, unamwaga. Maji yalitambaa kwenye majani, yakavuka njia, yakaingia mtaroni. Kunguru walikuwa wameshuka kundi zima, wanaoga.

Waridi alisimama pale akitazama kunguru wanavyojipigapiga mabawa. Kule nyumbani kuna mwanamke Mwislamu, mstahiki, hana maji ya kuoshwa uso, na hapa ndege mwizi anaoga mchana kweupe kwa maji ya serikali!

Ndani, Bwana Maji alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tuseme, akajibu maneno machache. Bushiri akafasiri.

"Anasema pole kwa msiba. Mashine imeharibika na maji ni machache. Kariakoo itapata itakapotengenezwa. Anasema utaratibu ni wa wote."

"Muulize, hayo majani yake hapo nje yamefiwa na nani?"

Bushiri alitazama meza. "Hilo siwezi kumwambia, bibi."

"Kwa nini? Kiswahili changu kigumu?"

"Nina watoto, bibi," alisema kwa sauti ndogo.

Waridi akajitanda kanga yake, akatoka. Alirudi kwa njia ileile aliyojia, na safari hii kunguru hakuwatazama.

Alipofika, wanaume walikuwa wamekwisha leta jeneza barazani, na Sheikh Muhiddin wa msikiti wa mtaani alikuwa akimngoja. Majirani walikuwa wamekamua mitungi yao wakapata maji ya kufunika kitako cha ndoo tu, na hayo yalikuwa ya kunywa ya watoto. Sheikh aliyatazama akatikisa kichwa.

"Haya hayatoshi, Waridi. Dini yetu ina wepesi. Yasipopatikana maji, maiti hutayamamiwa kwa mchanga safi, akazikwa, na hapana dhambi."

"Mchanga?" Waridi alipaza sauti, na wanaume wote barazani wakageuka. "Kijakazi apakwe mchanga? Tuko jangwani, sheikh? Hapa ni Dar es Salaam, na kisima chake mwenyewe kiko nyuma ya ukuta huo!"

"Kisima si kimefungwa?"

"Kimefungwa, hakikufukiwa. Maji yamo."

Sheikh Muhiddin alishika ndevu. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kelele na serikali, lakini alikuwa pia mtu wa kitabu.

"Una hakika yamo?"

"Ukiweka sikio kwenye kifuniko, ukagonga, unayasikia."

"Basi tayamamu haisihi, haikubaliki," alisema polepole. "Haisihi na maji yapo, ila pawe na adui anayekuzuia kuyafikia." Akachungulia uani, akatazama huku na huku. "Mimi simwoni adui hapa. Nyinyi mnamwona?"

Hakuna aliyemwona. Waridi aliingia jikoni akatoka na mchi.

Alipiga pigo la kwanza ukingoni, pale sementi ilipokuwa nyembamba, na vumbi likaruka. Alipochoka alipokewa na mwanamke wa nyumba ya pili, na huyo akapokewa na mwingine. Wakatwanga kwa zamu kama wanavyotwanga nyumba ya arusi, ila siku ile hapakuwa na wimbo, palikuwa na matusi, na matusi yenyewe siyaandiki hapa. Sementi ikapasuka, wanaume wakaingiza mtaimbo, kifuniko kikainuka. Harufu ya maji baridi ikapanda, na wanawake wawili watatu wakaangua kilio kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Waridi alimwosha shoga yake kama alivyotaka. Alimwosha kwa maji ya majani ya mkunazi, akamwosha kwa maji matupu, akammalizia kwa maji ya karafuu maiti, na kila alipoinua kata aliimimina mpaka ikaisha. Hakubana hata tone. Kijakazi akazikwa alasiri, safi.

Kesho yake Bwana Maji alikuja mwenyewe, pamoja na Bushiri, Anselmi na askari mmoja. Alikizunguka kisima kilicho wazi, uso umemwiva, akauliza nani amefanya hivi.

"Mimi," alisema Waridi, "na mchi ni huu hapa. Lakini sheria yako uliisema mwenyewe mbele yetu, kwamba atakayejibu ni mwenye kisima, hata akivunja mwingine. Mwenye kisima tumemzika jana. Barua ya korti mpelekee makaburini. Na ukimkuta, mwambie kwamba kunguru wako wameoga, majani yako yamekunywa, na yeye aliyekuvutia maji, ulipoambiwa hana hata ya kuoshewa, ulisema utaratibu ni wa wote. Utaratibu gani huo unaomjua kunguru, usimjue binadamu?"

Wote walimtazama Bushiri. Bushiri alisimama wima, akafasiri neno kwa neno, kunguru na majani pia, kwa sauti ambayo hata waliokuwa njiani waliisikia.

Bwana Maji aliutazama mchi, kisha kisima. Pengine aliona haya, pengine alimwona mwanamke mzee wa matangani na umati mlangoni akapiga hesabu zake. Alisema tu kwamba kisima kifungwe tena leo leo, akageuka.

Anselmi akashusha gunia la sementi, akalifungua mdomo, kisha akatazama huku na huku. Ndoo na kamba vilikuwa vimeingizwa ndani. Waridi alikuwa ameshaweka mbuzi ya kukunia nazi ukingoni mwa kisima, ameikalia, mikono magotini.

"Maji ya kuchanganyia, mama," alisema Anselmi.

"Bomba liko pale. Si la serikali?"

Bwana Maji alipoelewa, alimtuma askari ofisini na amri. Na hapo ndipo watu walipojionea maajabu. Adhuhuri haijaisha, Seifu akaamriwa kuzungusha koki, na bomba la penye kona likanguruma, likatapika maji mengi, meupe kwa povu. Kumbe yalikuwapo! Maji yaliyoshindwa kuja kwa maiti ya Kijakazi yalikuja mbio kwa ajili ya sementi. Bwana Maji akaridhika, akaenda zake Uzunguni kula, na Seifu akalifunga tena kufuli mpaka jioni, maana saa zilikuwa hazijafika.

Lakini mtaa ulikuwa na kiu ya siku nyingi. Wakati wa jioni ulipofika na Seifu akafungua kufuli, Anselmi alikuta mbele yake madebe, mitungi, sufuria za pilau na hata makopo ya mafuta. Akajaribu kupenya.

"Nyuma, fundi," wanawake walimwambia.

"Nimetumwa na serikali!"

"Utaratibu ni wa wote," alisema Seifu bila kumtazama.

Kila mwanamke aliyejaza alikimbia nyumbani kumimina, akarudi na chombo kingine, akasimama mkiani. Anselmi alipofikia bomba, ndoo mkononi, Seifu alifunga koki, akabana kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

"Saa zimekwisha," alisema. "Mwambie Bwana Maji, saa alizipanga yeye."

Waridi alikuwa bado amekaa pale kisimani Anselmi aliporudi na ndoo tupu. Mwashi alijiangusha juu ya gunia lake la sementi kavu, midomo imempauka. Alikuwa amesimama juani tangu mchana. Waridi aliitisha ndoo na kamba, akavuta maji, akachota kwa kata ya Kijakazi, akampa. Anselmi aliyanywa yote, akafuta mdomo, macho yakabaki kwenye ndoo.

"Na ya sementi, mama?"

Waridi aliipokea kata akaitundika mahali pake.

"Ya kunywa, Kijakazi hakumnyima mtu," alisema. "Ya sementi alikwisha kukupa mwaka jana."