Mpishi Aliyekwenda Moa

Kaka yangu Asheri alifariki Jumanne asubuhi, chai yake ikiwa nusu kikombe. Jumamosi iliyofuata banda lake la video hapa Muheza halikufunguliwa, likakaa hivyo miezi saba.

Asheri alikuwa akikaa pembeni ya runinga na kipaza sauti, akitafsiri papo hapo. Tamthilia iliyopendwa kupita zote ilikuwa ya familia ya Waingereza wa zamani: jumba kubwa, bwana, bibi, mabinti watatu na watumishi wao. Asheri aliwafanya kama watu wa hapa. Hata mabinti walimwamkia baba yao shikamoo.

Mwaka huu tamthilia ile imerudishwa, na waigizaji wapya, ikiendelea pale ilipoishia. Watu wakaanza kunijia nyumbani. "Devota, umesoma mpaka kidato cha nne. Kaa pale pa kaka yako."

Nilitazama sehemu ya kwanza peke yangu, nikaogopa. Bibi wa jumba anaweka maua kwenye kaburi la mpishi. Katika ile ya zamani mpishi alikufa, lakini wiki ile Bi Mastura, anayekaa mkeka wa mbele, alikuwa ametoka kumzika dada yake. Asheri hakuweza kutamka neno kifo. Alisema mpishi amekwenda Moa, kule pwani, kumuuguza ndugu. Sasa nikisema kweli, kaka yangu ataonekana mwongo, na hayupo wa kujitetea.

Jumamosi saa kumi jioni banda lilijaa.

"Huyu bwana mpya hana hata tumbo," alisema Nasri, muuza machungwa. "Watumishi watamwogopea nini?"

"Mwache, ana sauti," Jenifa, aliyekaa kando yake, akamjibu. "Ila magauni, hapana. Haya ni mapazia ya gesti."

Nilikuwa nimeanza kuzoea kipaza sauti lilipotokea kaburi. Jina la mpishi lilisomeka kwenye jiwe. Nikashusha kipaza sauti.

"Mtafsiri kalala?" Nasri akauliza.

"Ni kaburi la mpishi," nikasema. "Alikufa tangu ile ya kwanza. Kaka aliwaficha. Mumsamehe."

Bi Mastura akageuka taratibu kwenye mkeka.

"Mwanangu, sisi vipofu? Jeneza lilipita hapo kwenye kioo, na watu wamevaa nyeusi. Asheri akasema, 'Huyo anasindikizwa stendi.' Nilicheka. Tangu nimzike dada yangu, nilikuwa sijacheka."

"Stendi gani watu wanalia vile!" Nasri akasema, banda zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

"Haya, tuambie," Bi Mastura akasema. "Huyo bibi na maua yake anafanya nini hapo?"

Nikasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Anamsubiri mpishi. Basi la kutoka Moa limechelewa."

Banda linafunguliwa kila Jumamosi saa kumi jioni. Anayetafsiri ni mimi.