Aliyeivukutia Springi ya Kikohozi

Lori la Marita lilikatika springi kwenye mteremko wa Nanyala, asubuhi kweupe, likiwa halina hata gunia moja mgongoni. Watu walikuwa wamelibatiza Kikohozi kwa jinsi lilivyokuwa likiamka, na siku ile walilicheka bila kificho. Marita, ambaye wengi walimwita Mama Yunisi, alishuka akachungulia uvunguni. Bamba kuu la springi ya nyuma, lile la juu lenye jicho kila ncha, lilikuwa limepoteza jicho moja. Akamgeukia dereva wake, Jairo.

“Litatembea?”

“Tukilifunga gogo litajikokota, mama. Lakini kahawa halibebi.”

Hapo ndipo penye shida. Ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu ndiyo siku ya kuanza kusomba kahawa ya wakulima wa Mbozi kwenda ghala la chama cha ushirika. Lori ambalo halingeonekana Jumatatu lingekosa kazi ya msimu mzima. Na kulikuwa na mtu aliyekuwa akiomba lisionekane: Anania, mdogo wa marehemu Ambilikile, mume wa Marita. Tangu kaka yake azikwe, Anania alikuwa hapumziki. Lori ni mali ya ukoo, alisema, mwanamke hakai na lori, tena mwanamke mwenye binti mmoja tu. Ajabu ni kwamba Ambilikile alipolinunua, kwa kahawa ambayo Marita aliipalilia na kuichuma mpaka kucha zikawa nyeusi, ukoo mzima ulimcheka kwamba amenunua kopo. Sasa kopo limegeuka urithi! Wazee walimzuia Anania kwa sababu moja tu, kwamba lori lilikuwa na kazi na mjane alikuwa akila kwa jasho lake. Siku likikosa kazi, walisema, liuzwe. Anania alikwisha kumpata mnunuzi, mfanyabiashara wa Tunduma aitwaye Damiano, na habari za Nanyala zilipomfikia hakusubiri jua lizame. Alimtumia ujumbe aje Jumatatu.

Marita hakulia. Kulia alikwisha kulia kwenye msiba, na alijua anayelia mbele ya watu wenye tamaa anawatengenezea njia. Ijumaa alidandia gari la watu mpaka Mbeya, akaingia kwenye gereji kubwa na kile kipande kilichokatika amekifunga kwenye khanga. Fundi mkuu alikigeuzageuza, akasema springi haziuzwi bamba moja moja. Ni seti nzima, kulia na kushoto, na mpaka ziletwe kutoka Dar es Salaam.

“Mtu akikatika kidole,” Marita alimwuliza, “nyinyi mnamnunulia mikono miwili?”

Fundi hakucheka. Alisema kama anaona ghali, gereji ingeweza kulichukua lori lenyewe kama chuma chakavu. Marita akakifunga tena kipande chake na kutoka bila kuaga, na kama ni utovu wa adabu, basi na uwe. Gereji za namna ile hazitengenezi kitu, hubadilisha tu, na kubadilisha hata mtoto anaweza, mradi afungue mfuko.

Yeye alikuwa na shule nyingine. Mkanda wa feni wa Kikohozi ulipokatika mwaka uliotangulia, alikata ngozi ya ng'ombe akashona mwingine, ukafika Ivuna na kurudi na chumvi ya watu. Tairi la nyuma lilipopasuka alilitia kiraka cha mpira kwa boliti na nati. Hata mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini aliyaweka kwenye debe nyuma ya jiko, na Anania alizunguka akiwaambia watu kwamba mjane wa kaka yake sasa anahifadhi uchafu.

Jioni ile alikwenda kwa Amoni. Amoni alikuwa mhunzi, mtu mzima asiyependa maneno, na majembe yake yalijulikana mpaka Momba. Zamani wahunzi chuma walikiyeyusha wenyewe kutoka kwenye mawe ya nchi ile, lakini siku hizi alikuwa akifua springi za magari yaliyokufa. Nyuma ya kibanda chake lilikuwapo rundo la mabamba ya lori lililotumbukia bondeni, yakingoja kuwa majembe. Marita alipima moja kwa kamba. Urefu ulitosha, upana ulitosha, likakosa jicho upande mmoja.

“Jicho nitalikunja,” Amoni alisema baada ya kupokea bei ya bamba. “Njoo kesho na makaa yako. Na uje na mtu wa kuvukuta.”

Marita alizijua sheria za pale. Kwa wahunzi wa Mbozi mwenye chuma ndiye huvukuta mivukuto, viriba vya kupulizia moto. Unabeba makaa yako, unakaa kwenye mivukuto, unautia moto pumzi mpaka kazi iishe, na kinachotoka motoni ni chako, hakuna wa kukuuliza. Ukikataa kuvukuta, umesema mbele ya watu kwamba chuma si chako. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Ya pili ni kwamba mwanamke hakaribii moto wa mhunzi, chuma kitapasuka. Mwanamke akiwa na jembe lake, huvukuta mume, au mwana, au shemeji.

Mume alikuwa kaburini. Mwana hakuwa naye, na Jairo hakuwa wa nyumba ile. Shemeji alikuwa Anania, na Anania akivukuta, springi ingekuwa yake, na aliyeshika springi angeshika lori.

Jumamosi alifika na makaa kichwani na debe la mafuta mkononi, Jairo nyuma yake. Wateja wengine walikuwa wamekaa na majembe yao, na Anania alikuwa miongoni mwao, amevaa koti la kanisani, amekuja kuona lori likifa. Amoni alimwona.

“Anania, wewe ni wa nyumba ya Ambilikile. Kaa uvukute.”

Anania akakunja mikono. Hesabu yake ilikuwa rahisi: asipovukuta hapatakuwa na mtu wa kuvukuta, springi haitakuwapo, na Jumatatu lori ni lake.

“Mimi? Mimi sina chuma hapa, mzee. Hicho sikijui.”

Watu wakaguna. Marita alihisi damu imempanda kichwani. Miezi yote ile lori ni la ukoo, la ukoo, la ukoo, na leo panapotakiwa jasho, hakijui! Akatua makaa, akajifunga khanga kiunoni, akaenda kukaa kwenye kigogo cha mvukutaji na kushika vijiti viwili vya mivukuto.

“Mwanangu,” Amoni alisema, “mwanamke hakai hapo.”

“Najua, baba. Lakini sheria ni mbili. Moja inasema mwenye chuma avukute. Nyingine inasema mwanamke asikaribie. Leo mwenye chuma ni mwanamke. Uchague wewe ipi tuivunje, ila usiniambie chuma hiki hakina mwenyewe.”

“Kitapasuka.”

“Kikipasuka kimenipasukia mimi. Makaa ni yangu, lori ni langu, na hasara itakuwa yangu.”

Amoni akawageukia wote, lakini macho yakamwangukia mmoja.

“Kuna mwingine anayekidai chuma hiki?”

Anania alicheka. “Mwache avukute mpaka mapafu yamtoke.”

“Mmesikia,” Amoni aliwaambia watu, akawasha moto.

Marita alivukuta. Mara ya kwanza alikosea mwendo, upepo ukarudi nyuma, majivu yakamjaa usoni, na mtu mmoja akacheka. Hakugeuka. Aliusikiliza mlio mpaka mkono huu ukapokezana na ule, na makaa yakaanza kung'aa. Amoni alikuwa amelivika bamba magome mabichi ya mgomba, akaacha ncha tu, ili moto usiuharibu ugumu wa chuma kizima. Ncha ilipoiva aliikunja kwenye fuawe, akairudisha, akaikunja tena. Viganja vya Marita viliota malengelenge, yakapasuka, akaendelea. Mwishowe Amoni akanyoosha mkono bila kutazama.

“Nipe huo uchafu wako.”

Akaichovya ncha kwenye debe la mafuta machafu. Moshi ukapanda mzito. Watu wote walitega sikio wasikie chuma kikilia. Hakikulia. Amoni akaligonga bamba kwa nyundo, likajibu kwa sauti safi, na Marita akashindwa kuzuia machozi, mara hii bila kujali nani anaona.

Jumatatu Kikohozi kilisimama mbele ya nyumba ya Marita, kimejaa magunia ya kahawa, kimesimama wima. Jairo alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani Anania alipofika na Damiano. Anania hakuonekana kuaibika. Alisema lifanye kazi lisifanye, lori ni la ukoo, yeye ndiye mwanamume wa ukoo, na analiuza.

Damiano alikuwa Mnamwanga, na kwao pia kulikuwa na wahunzi wenye sheria ile ile. Aliinama akatazama springi, akaligusa lile jicho jipya kwa kidole.

“Hii imefuliwa hapa. Nani alivukuta?”

Anania akaangalia barabara. Marita alifungua viganja vyake, vyekundu, vimepakwa mafuta ya nguruwe. Damiano alivitazama, akamgeukia Anania.

“Wewe ulikuwapo?”

“Nilikuwapo, ila…”

“Ukaambiwa uvukute?”

“Niliambiwa. Lakini ile ni springi tu, bwana, springi si lori!”

“Ulisemaje?”

Jairo ndiye aliyemjibia kutoka dirishani. “Alisema hakijui.”

“Basi ndugu yangu,” Damiano alisema, akijikung'uta vumbi magotini, “mimi sinunui chuma kwa mtu aliyekikana mbele ya moto. Kesho na keshokutwa ungenikana na mimi.” Akamuaga Marita kwa heshima, mikono miwili, akaondoka kwa miguu.

Marita alipanda mbele, akafunga mlango ambao kitasa chake kilikuwa kipande cha waya. Kikohozi kilikohoa, kikatetemeka, kikawaka. Anania alikuwa bado amesimama barabarani, na safari ya kurudi kwake ilikuwa ndefu. Marita akatoa kichwa dirishani.

“Shemeji, tunapita kwako. Panda nyuma, juu ya magunia. Nauli ni ile ile ya wote.”